Binti Yenu Si Kombe

Simama siku moja kando ya uwanja wa shule ya kibinafsi ya wasichana wakati wa mashindano ya muhula wa pili, lakini usiwatazame wachezaji. Watazame wazazi. Utamwona baba aliyevaa suti akipiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Utamwona mama akizunguka uzio ili awe karibu na binti yake na kumwelekeza la kufanya, huku kocha naye akimpa amri nyingine. Utamwona mwingine akimtukana mwamuzi, kijana aliyemaliza shule juzi juzi. Kisha mtazame yule msichana aliye katikati ya uwanja. Mpira uko mbele yake, lakini macho yake yako kwenye uzio. Anatafuta uso wa mzazi ili ajue kama bado anapendwa.

Huenda mtaniuliza: "Katekista, haya yanahusu nini ukurasa wa ndoa? Si waachiwe walimu na makocha?" Yanahusu sana. Shinikizo lile halianzii uwanjani. Huanzia nyumbani, katika maneno ambayo mume na mke wameambiana, na zaidi katika yale ambayo hawajaambiana. Nasema hivi si kwa sababu nimesoma vitabu vingi, maana elimu yangu ni ya kidato cha nne. Nasema kwa sababu nimelitenda kosa hili, na mke wangu ameniruhusu niwasimulie.

MICHEZO NI KARAMA

Kwanza tuelewane. Sitaki mtu afunge gazeti hili aseme Kanisa linapinga michezo. La hasha! Mtakatifu Paulo aliwajua wanariadha, akawafundisha Wakorintho juu ya maisha ya Kikristo kwa mfano wa wakimbiaji walio katika mashindano (1 Kor 9:24-27). Mtakatifu Yohane Paulo II alikuwa golikipa katika ujana wake, na hata alipokuwa Askofu aliendelea kuteleza kwenye theluji na kupiga makasia mtoni. Tarehe 1 Juni 2018 idara ya Vatikano inayoshughulikia walei, familia na uhai ilitoa waraka mzima juu ya michezo, ambamo michezo inatajwa kuwa shule ya utu, ya kushirikiana na ya kujitoa.

Kwa wasichana wetu karama hii ina thamani ya pekee. Zamani mtoto wa kike aliporudi kutoka shuleni alipewa mtungi na mwiko, na kaka yake akapewa mpira. Leo twashukuru kwamba binti zetu wanacheza voliboli, mpira wa vikapu, magongo, kandanda na riadha. Timu yetu ya taifa ya voliboli ya wanawake, Malkia Strikers, imefika Olimpiki ya Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo iliyofanyika 2021 na Paris 2024. Faith Kipyegon ameshinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki tatu mfululizo: 2016, 2021 na 2024. Nani asiyejivunia?

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Mzazi akimtazama Faith Kipyegon kwenye televisheni halafu akamgeukia binti yake wa miaka 15 anayekula ugali mezani, anaweza kusahau kwamba aliye mbele yake ni mtoto, akaanza kuona medali.

KOSA LANGU MIMI

Binti yetu wa kwanza alikuwa na kipaji cha voliboli. Alikuwa mrefu kama shangazi yake, na akiruka kwenye wavu mpira ulishuka upande wa pili kama jiwe. Shule moja ya kibinafsi ya wasichana, ya bweni, ilimwona akiwa darasa la nane ikatuita. Wakatuambia akichezea timu yao atalipiwa nusu ya karo. Mnajua posho ya katekista. Mke wangu hulima maharagwe na kuuza sokoni. Tulipiga magoti tukamshukuru Mungu.

Kuna jambo moja sikumwambia mtu. Mimi mwenyewe nilicheza voliboli shuleni, na mwaka 1995 timu yetu ilikuwa inakwenda mashindano ya mkoa. Juma lile lile nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, wenzangu wakaenda bila mimi. Nilidhani nimesahau. Kumbe kiu ile ilikuwa imelala tu. Binti yangu alipovaa jezi, niliamka mimi. Nikawa nacheza kwa miguu yake.

Kila mechi niliyoweza kufika nilifika, na nilipofika nilipiga kelele. Nikirudi nyumbani namsimulia mke wangu makosa ya mtoto mpaka chakula kinapoa. Siku ya wazazi kuzuru bweni, mama yake alikuwa akimuuliza, "Unalala vizuri? Unakula?" Mimi namuuliza, "Kwa nini ulichelewa kuruka seti ya tatu?" Siku moja aliniambia kwa upole, "Baba, ukija tena usipige kelele. Nikikosa mpira nasikia sauti yako kabla ya filimbi." Nilicheka. Nikamjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Katika muhula wa pili wa mwaka 2018, alipokuwa kidato cha tatu, goti lake lilianza kuuma. Alipiga simu kwa kutumia simu ya mlezi wa bweni, akazungumza na mama yake. Mke wangu alitaka tumtoe siku ile ile apelekwe hospitali. Mimi nikampigia kocha. Kocha akasema ni maumivu ya kawaida, atafungwa bandeji na kupewa vidonge vya kutuliza, na kwamba mashindano ya kaunti yamebaki majuma matatu tu. Akaongeza kwamba anayelialia akae na mama yake. Nilisikia neno hilo kwa masikio yangu, na badala ya kukasirika nilicheka naye. Nikamwambia mke wangu, "Baada ya kaunti tutampeleka."

Mke wangu hakujibu. Kwa siku tisa nyumba yetu ilikuwa na maneno ya chumvi na mafuta ya taa tu. Jumamosi, katikati ya siku hizo tisa, nilikwenda parokiani kama kawaida nikawafundisha wachumba jinsi mume na mke wanavyopaswa kusikilizana. Nilifundisha vizuri, wakanipigia makofi.

Kwenye nusu fainali ya kaunti binti yetu aliruka kuzuia mpira, akashuka kwa mguu mmoja, goti likageuka. Mimi nilikuwa kwenye uzio, na nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimkaripie kwa kukosa mpira ule, kabla sijaona kwamba hainuki.

Katika hospitali ya misheni daktari alituambia kwamba kano inayoshikilia mifupa ya goti imekatika. Akauliza mtoto amekuwa na maumivu tangu lini. Mke wangu akanitazama. Daktari akaeleza kwamba vidonge havikuponya kitu, bali vilificha tu kengele ambayo mwili ulikuwa ukiipiga.

Binti yangu alikuwa amelala pale kitandani. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Samahani, baba." Na la pili, "Sasa karo itakuwaje?"

Wapendwa, nimezika watu wengi katika kazi hii ya ukatekista. Sijawahi kusikia neno lililonichoma kama hilo. Mtoto wa miaka 16 alikuwa amebeba karo ya nyumba yetu juu ya goti lililovunjika, na sisi wazazi wake ndio tuliomtwika.

SHINIKIZO HUTOKA WAPI?

Nimetafakari sana tangu siku ile, na nimezungumza na wanandoa wengi ambao binti zao wanacheza. Naona shinikizo lina mizizi minne.

Wa kwanza ni fedha. Shule ya kibinafsi hujitangaza kwa matokeo ya mitihani na kwa makombe. Shule inataka ushindi ili ipate wanafunzi, kocha anataka ushindi ili asifukuzwe, na mzazi anataka ushindi ili nafuu ya karo isikatwe. Mizigo hiyo mitatu humwangukia mtu mmoja, naye ndiye mdogo kuliko wote.

Wa pili ni ndoto ya ng'ambo. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vya Marekani vimewasomesha Wakenya wengi kwa ajili ya mbio. Lakini tusidanganyane. Hesabu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, zinaonyesha kwamba kati ya kila wanafunzi 100 wanaocheza katika shule za sekondari za Marekani kwenyewe, ni kama 7 tu wanaoendelea kucheza chuoni. Na si wote kati ya hao hupata ufadhili. Mzazi anayeweka matumaini yote ya familia juu ya nafasi hiyo amejenga juu ya mchanga.

Wa tatu ni kiu ya mzazi mwenyewe, kama ile yangu. Kumbukeni mama wa wana wa Zebedayo. Alimwendea Bwana akaomba wanawe wawili wakae mmoja kuume na mmoja kushoto katika ufalme wake (Mt 20:20-28). Hakuwa mama mbaya. Aliwapenda wanawe. Lakini aliwaombea vyeo bila kujua kikombe kinachoandamana na vyeo hivyo, na ombi lake likazua ugomvi kati ya mitume. Ni mara ngapi tunaomba viti vya mbele kwa ajili ya watoto, kumbe tunataka sisi tuitwe wazazi wa waliokaa mbele?

Wa nne ndio unaohusu ndoa moja kwa moja. Mume na mke wanapokuwa wamepoteana, mtoto hugeuzwa daraja. Baba na mama wasiokuwa na la kuzungumza huzungumza juu ya mechi. Baba anayedharauliwa nyumbani hutafuta heshima kwa ushindi wa binti. Mama mpweke hufuatana na timu kila mwisho wa juma. Au wawili hao huvutana, mmoja akisema mtoto aache, mwingine akisema aendelee, na kila mmoja kumvuta kwake. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

SILAHA ZA SAULI

Daudi alipokwenda kupigana na Goliathi, mfalme Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe ya vita: chapeo ya shaba, dirii, na upanga. Daudi akajaribu kutembea akashindwa. Akavivua (1 Sam 17:38-39). Sauli hakuwa na nia mbaya. Alimpa kijana vitu bora alivyokuwa navyo. Lakini vilikuwa vya kimo cha Sauli. Daudi aliingia vitani na kombeo, kitu alichokizoea tangu alipokuwa akichunga kondoo.

Jiulizeni: Hili vazi tulilomvika binti yetu ni la kimo chake au ni la kimo chetu? Naye akisema linamlemea, anaruhusiwa kulivua? Daudi aliweza kumwambia mfalme. Je, binti yenu anaweza kumwambia baba?

Kisha twende mtoni Yordani. Yesu alipobatizwa, sauti ya Baba kutoka mbinguni ilimtangaza kuwa Mwana mpendwa (Lk 3:21-22). Angalieni ni wakati gani. Alikuwa hajaponya mgonjwa hata mmoja, hajahubiri mlimani, hajamfufua Lazaro. Alikuwa bado hajashinda chochote mbele ya macho ya watu. Baba alimpenda kwanza, kazi zikaja baadaye. Huo ndio mpangilio wa Mungu. Sisi wazazi tumeupindua: shinda kwanza, ndipo nikukumbatie. Ule waraka wa Vatikano wa 2018 unatukumbusha sisi wazazi jambo hilo hilo, kwamba tuna wajibu wa kuwaonyesha watoto kuwa wanapendwa kwa jinsi walivyo, si kwa ushindi wao wala uwezo wa miili yao.

KUHUSU MWILI WA MSICHANA

Mwili wa binti yenu ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor 6:19), na hekalu haligeuzwi kiwanja cha majaribio. Akina baba, msione aibu kusoma sehemu hii. Aibu ndiyo inayowaumiza watoto.

Madaktari wanajua kwamba katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, kama voliboli, mpira wa vikapu na kandanda, wasichana hukatika ile kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Mazoezi ya kuandaa misuli kabla ya mchezo hupunguza hatari hiyo. FIFA imeandaa mazoezi ya namna hiyo kwa wachezaji wa kandanda, yaitwayo FIFA 11+, yanayochukua kama dakika 20. Mwulizeni kocha: wasichana wetu hupasha mwili moto namna gani, na kwa dakika ngapi?

Jambo la pili ni chakula. Msichana anayefanya mazoezi makali bila kula vya kutosha, hasa mkimbiaji anayeambiwa apunguze uzito, mwili wake huanza kujinyima. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, hata akapata nyufa za mifupa akiwa bado mdogo. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa maelezo marefu juu ya hatari hiyo. Wako makocha wanaomwambia msichana kwamba kukatika kwa hedhi ni dalili ya kufanya mazoezi vizuri. Huo ni uongo. Mama, ukisikia hedhi ya binti yako imekosekana miezi mitatu, mpeleke kwa daktari, usingoje muhula uishe.

La tatu ni kupumzika. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mtoto apumzike siku moja au mbili kila juma, na apate jumla ya miezi miwili au mitatu kila mwaka mbali na mchezo wake mkuu. Bwana wetu mwenyewe aliwaita mitume wajitenge wapumzike kidogo, nao walikuwa watu wazima (Mk 6:31). Na Jumapili ni ya Bwana. Shule inayofanya mazoezi asubuhi yote ya Jumapili mpaka watoto wakose Misa, wazazi wana haki ya kuizuia.

KUHUSU KOCHA

Makocha wengi ni watu wema wanaojitolea kwa malipo madogo. Waombeeni na kuwashukuru. Kocha mwema hukosoa uchezaji bila kumdharau mchezaji. Humtoa uwanjani aliyeumia hata kama timu itashindwa. Hafichi lolote kwa wazazi.

Lakini wapo wanaotawala kwa hofu. Kuita msichana majina ya mnyama, kumkimbiza mpaka atapike kwa sababu alikosa mpira, kumfanya achekwe na wenzake juu ya umbo lake, hayo si malezi. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakate tamaa (Kol 3:21). Ikiwa baba mzazi hana ruhusa hiyo, kocha ameipata wapi?

Na lipo baya zaidi. Mwanamume anayeshika mkononi nafasi ya mtoto katika timu, nafuu ya karo na ahadi ya ng'ambo, ana nguvu kubwa juu ya mtoto huyo. Wengine wameitumia nguvu hiyo kwa dhambi. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haikubali kisingizio kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 "alikubali", na inamtaja kwa namna ya pekee mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake vibaya. Kwa hiyo ulizeni bila woga: Timu ikisafiri, ni mwanamke gani anayefuatana na wasichana? Wanalala wapi? Nani anawakanda wanapoumia, na mbele ya nani? Kwa nini kocha ampigie msichana simu usiku? Ikitokea binti akawaambia jambo, msimwulize kwanza alikuwa amevaa nini. Mwaminini, mwende polisi na hospitali upesi, na msikubali kunyamazishwa kwa jina jema la shule, hata kama shule hiyo ni ya Kanisa. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, haina malipo.

MFANYE NINI NYINYI WAWILI?

Nawapa mambo sita, yaliyonigharimu kuyajifunza.

1. Kubalianeni chumbani kabla ya kuzungumza na kocha. Mtoto asisikie sauti mbili. Na ikiwa mmoja wenu ana wasiwasi juu ya afya ya mtoto, mwenye wasiwasi ndiye asikilizwe. Mechi inaweza kungoja.

2. Ambianeni ukweli juu ya kiu zenu za zamani. Laiti ningemweleza mke wangu habari za mwaka 1995, angenishika mkono mapema.

3. Pigeni hesabu ya karo bila kumtia mtoto ndani yake. Jiulizeni: nafuu hii ikikatwa kesho, tutafanya nini? Mkiwa na jibu, hata dogo, mwambieni binti: "Siku ukitaka kuacha, sisi tutajua la kufanya." Maneno hayo yatamwondolea mzigo kuliko zawadi yoyote.

4. Uwanjani, shangilieni timu nzima, mwacheni kocha afundishe na mwamuzi aamue. Mzazi ana kazi moja: kuwapo.

5. Baada ya mechi, msizungumze mchezo mpaka yeye auanze. Mpeni maji, mpeni chakula, mwambieni mlifurahi kumwona. Inatosha.

6. Mwulizeni mara moja kila muhula, mkiwa wote wawili, mahali patulivu: "Bado unaufurahia mchezo huu?" Kisha nyamazeni, msubiri jibu. Likiwa hapana, msimwadhibu kwa nyuso zenu.

Wazee wetu walisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Uwanjani kuna washindani wa kutosha. Nyumba ya Wakristo inapaswa kuwa zizi, mahali ambapo aliyeumia hurudi bila kuogopa. Binti yangu aliumia akaogopa kurudi. Hilo ndilo ninalotubu.

MWISHO WA HABARI YETU

Nilipokwenda kitubioni, Padre alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Na wao umewaomba msamaha?" Sikuwa nimewaomba. Jioni ile nilimwomba mke wangu, kisha tukaenda wote wawili hospitalini nikamwomba binti yetu. Mke wangu hakusamehe siku ile. Aliniambia wazi kwamba itachukua muda, na ilichukua muda.

Shule ilituandikia kwamba nafuu ile ilikuwa ya wachezaji. Tuliuza ng'ombe wa maziwa, jumuiya yetu ndogo ndogo ikatuchangia, na mke wangu akalima shamba la kukodi. Mtoto alimaliza kidato cha nne mwaka 2019. Leo anafanya kazi katika duka la dawa za mifugo. Kila mwezi wa Julai, baridi inapoingia, goti humuuma, nami nikimwona akilikanda nakumbuka.

Hachezi tena, lakini vijana wa parokia wakiwa na mechi za voliboli yeye ndiye hupuliza filimbi. Mimi na mama yake huenda kutazama. Nakaa kwenye benchi kando ya mke wangu, na sisemi neno. Mwaka jana, baada ya mechi moja, binti alikuja akaketi kati yetu, akanywa maji, akasema, "Baba, leo sikukusikia kabisa." Akatabasamu.

Wapendwa wanandoa, kabla ya kulala leo, jibuni pamoja maswali haya matatu. Binti yetu akishindwa, anakuja kwetu au anatukimbia? Ni mzigo gani wetu anaoubeba bila sisi kujua? Na mara ya mwisho kumwambia tunampenda, alikuwa ameshinda nini? Kama jibu la swali la mwisho ni "hakuwa ameshinda kitu", mshukuruni Mungu. Kama sivyo, kesho ni siku nzuri ya kuanza.

Tuombe: Ee Baba, uliyempenda Mwanao kabla hajatenda muujiza wowote, utufundishe kuwapenda watoto wetu namna hiyo. Utuondolee tamaa ya kujitukuza kwa jasho lao. Uwalinde binti zetu viwanjani, safarini na mabwenini. Uyaponye majeraha tuliyowatia, na uziunganishe tena ndoa zilizogawanyika kwa ajili yao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.